Wikendi ya Baridi Mbeya na Mbozi: Tafuta Kitanda Kwanza

Mwongozo huu ni wa msomaji aliyezoea feni: mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mtwara anayetaka kulikimbia joto kwa siku tatu au nne, apande Nyanda za Juu Kusini kipupwe kimeshika, alale pazuri, ale vizuri, arudi kazini bila mafua. Njia inayopendekezwa inaunganisha Jiji la Mbeya na wilaya ya Mbozi mkoani Songwe: Vwawa, Kimondo, Mbozi Mission, na Tunduma kwa anayetaka kuchungulia Zambia.

Wageni wengi hupanga vivutio kwanza, kisha usafiri, na malazi wakayaachia bahati: "tutapata tu huko huko." Gesti zipo nyingi, kweli utapata. Ila Mbozi ya Julai, usiku mmoja wa kujikunja kitandani ukisubiri kupambazuke utakuharibia hata hicho Kimondo ulichokifuata. Kwa hiyo katika safari hii kitanda kinatangulia, mengine yanafuata nyuma yake.

Kwa nini baridi ya huku huwashinda wageni

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban digrii 6 za Selsiasi. Jiji la Mbeya liko kwenye mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Mbozi hauko mbali na hapo. Ongeza kwamba Juni hadi Agosti anga huku ni kavu na usiku hauna mawingu, hivyo joto lililokusanywa na ardhi mchana hupotea lote angani. Matokeo yake ni siku moja yenye sura mbili. Saa 8 mchana ni digrii 20 na ushei, jua linachoma, unavua sweta. Alfajiri ni chini ya 10, na zipo siku ambazo Mbeya hushuka hadi 5 au pungufu, na sakitu ikaonekana mabondeni.

Sababu ya pili ni nyumba, na hiyo ndiyo wasiyoitegemea wengi. Chukua mfano wa Sapporo, jiji la kaskazini mwa Japani: hupata karibu mita 5 za theluji kila msimu. Lakini mgeni wa Sapporo akiingia hotelini anavua koti mlangoni, kwa sababu madirisha yana vioo viwili viwili na kuta zimejengwa kushika joto la mitambo. Kwetu ni kinyume chake. Hakuna theluji, mchana ni mzuri, lakini hoteli zimejengwa kwa ramani zilezile za Dar: sakafu ya vigae, madirisha mapana, bati juu. Chumba kilichofungwa kutwa nzima upande wa kivuli huweza kuwa baridi kuliko uani. Ukitaka kuota joto saa 4 asubuhi, toka nje ukakae juani kama wafanyavyo wenyeji.

Uende lini

Katikati ya Juni hadi mwisho wa Julai ndio moyo wa baridi. Agosti baridi inaanza kulegea, upepo na vumbi vinazidi.

Tarehe mbili ziangalie kwa makini. Tarehe 30 Juni ni Siku ya Vimondo Duniani, na mkoa wa Songwe umekuwa ukiifanyia shamrashamra Ndolezi, kilipo Kimondo. Ukipenda watu na ngoma, njoo siku hiyo; ukipenda kukaa na lile jiwe kwa utulivu, ikwepe. Nyingine ni wiki ya Nane Nane, tarehe 1 hadi 8 Agosti, ambapo maonyesho ya wakulima hufanyika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya. Wiki hiyo vyumba hujaa na bei hupanda. Usijaribu kufika bila kuweka nafasi.

Na kama mtu amekuonyesha picha za maua ya Kitulo, ile hifadhi iliyopewa jina la Bustani ya Mungu, fahamu kwamba maua yale ni ya msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili. Julai utakuta majani makavu na upepo unaopenya mifupa.

Kufika

1. *Kwa ndege.* Kiwanja cha Songwe kilianza kutumika Desemba 2012. Jina lake huwapoteza watu: hakimo mkoa wa Songwe, kimo mkoa wa Mbeya, zaidi ya kilomita 20 magharibi ya jiji, kwenye barabara ya kwenda Tunduma. Maana yake kwako ni hii: kama unalala Vwawa, usirudi mjini Mbeya kwanza, uko njiani tayari. Kubaliana nauli na dereva wa teksi kabla mzigo haujaingia kwenye buti. Ukungu nao huweza kuchelewesha ndege, kwa hiyo usipange jambo la lazima saa mbili baada ya kutua.

2. *Kwa basi.* Utaanzia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kufuata barabara ya Tanzam: Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya. Ni kilomita zipatazo 830 hadi Mbeya na zaidi ya 100 nyingine hadi Tunduma. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023 baada ya marufuku ya miaka mingi, na wengi huyapenda kwa kuokoa siku. Mimi nakushauri la mchana, japo litakula siku nzima. Mibuyu ya bonde la Ruaha na kona za Kitonga ni nusu ya safari yenyewe, na usiku unalipia kuona giza. Kwa vyovyote vile, koti na soksi ziwe nawe kitini. Walioziacha kwenye buti hujuta wakifika Makambako.

3. *Kwa treni ya TAZARA.* Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ikikatiza Hifadhi ya Nyerere. Hakuna njia nzuri kuliko hii kwa mtu asiye na haraka. Lakini treni huchelewa kwa saa nyingi, na kuna vipindi huduma ya abiria imesimamishwa kabisa. Piga simu stesheni wiki ya safari, usitegemee ratiba ya mwaka jana. Behewa la kulala huwatenganisha wanaume na wanawake. Familia inayotaka kukaa pamoja inunue vitanda vyote vya chumba kimoja. Stesheni ya Mbeya haiko katikati ya mji, iko upande wa Iyunga.

4. *Kwa gari lako.* Tatizo ni malori. Barabara hii ndiyo inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo, na foleni ya Tunduma inaweza kuwa ndefu ajabu. Kwenye miteremko ya Kitonga, Iwambi na Senjele, shuka kwa gia ileile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo. Anayeshuka kwa breki tupu anazichemsha. Usiku lala.

Ulale wapi: Mbeya, Vwawa au Tunduma?

Anayetaka hoteli yenye mgahawa mzuri, wigo wa kuchagua na hospitali kubwa karibu, alale Mbeya, aende Mbozi na kurudi. Ni kama kilomita 70 hadi Vwawa. Anayetaka utulivu, hewa ya mashamba na bei nafuu alale Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe tangu ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukiwa mkoa mpya wenye wageni wengi wa kiserikali, malazi yameongezeka hapo, ila siku za vikao vikubwa hujaa watumishi.

Tunduma? Nenda mchana. Mji wa mpakani haulali: honi za malori, muziki wa baa, wapiga debe. Mwenye shughuli ya biashara atavumilia. Aliyekuja kupumzika atajilaumu.

Kuchagua chumba kwa simu

Picha za hoteli zitakuonyesha mapazia na televisheni. Hazitakuonyesha baridi. Kwa hiyo piga simu, msalimie mhudumu vizuri, kisha uliza haya kwa utaratibu:

1. *Maji ya moto yanatoka wapi?* Hili ndilo swali kuu. "Yapo" si jibu. Kama ni tenki la sola, maji huwa ya moto sana jioni na vuguvugu au baridi alfajiri. Panga kuoga saa 11 au 12 jioni. Kama ni shawa ya umeme, yatakuwepo saa yoyote mradi umeme upo. Kama ni ndoo inayochemshwa jikoni, usidharau: ndoo ya moto inayofika mlangoni kwa wakati ni bora kuliko hita iliyoungua. Uliza tu huletwa saa ngapi.

2. *Umeme ukikatika?* Je, kuna jenereta, na inafika vyumbani au inawasha mapokezi peke yake?

3. *Chumba kina dari?* Bati tupu bila dari humwaga joto lote usiku.

4. *Madirisha yanafunga kabisa?* Vile vioo vya vipande vipande vinavyolaliana huacha upepo upite. Omba chumba chenye dirisha la aluminiamu linalofunga.

5. *Chumba kinaelekea wapi?* Kinachopigwa na jua la alasiri, yaani upande wa magharibi, ndicho kitakachoingia usiku na joto. Hiki ndicho kigezo wasichokiuliza wageni, na hakiongezi bei hata senti.

6. *Mnaweza kuongeza blanketi la pili na la tatu?* Wakisema ndiyo, waambie waliweke chumbani kabla hujafika. Saa 6 usiku mwenye funguo za stoo ameshalala.

7. *Bei ni ya chumba au ya mtu? Kifungua kinywa ni cha wangapi?* Na kinaanza saa ngapi, kama una safari ya mapema.

Ukiridhika, tuma advansi kwa lipa namba yenye jina la hoteli, siyo kwa namba binafsi ya mtu uliyeongea naye. Hifadhi ujumbe wa muamala, na ukifika dai risiti ya EFD.

Ukifika: dakika kumi za ukaguzi

Usikimbilie kujaza kitabu cha wageni. Omba kuona chumba, na ufanye hivi:

1. Fungua bomba la moto, liache litiririke dakika mbili au tatu, uguse.
2. Funga dirisha, weka kiganja pembezoni. Ukihisi upepo, badilisha chumba.
3. Bonyeza godoro. Jembamba litapitisha baridi kutoka chini, hata ukijifunika mablanketi matatu juu.
4. Hesabu mablanketi. Yanuse pia; blanketi la stoo lenye unyevu halikupi joto.
5. Sikiliza. Kuna baa chini? Kuna lori linanguruma ukutani? Jumamosi usiku itakuwaje?

Kuhusu shawa ya umeme, wageni wengi huilaumu bure kwamba "haichemshi." Kifaa kile hupasha maji yanapopita, hivyo ukifungua bomba lote, maji hupita haraka bila kupata moto. Fungua nusu, subiri, rekebisha taratibu. Swichi yake iwashe kwa mikono mikavu kabla hujaingia majini, na uizime ukishakauka. Ukiona waya umechubuka au ukahisi umeme unatambaa kwenye bomba, toka, mwite fundi, usioge humo.

SANDUKU: ONYO LISILO NA MJADALA

Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kama ni "dakika chache tu", hata kama mwenye gesti amekuletea kwa ukarimu. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, mtu anapata usingizi mzito asiamke. Mkaa uliokwisha moshi na kubaki mwekundu ndio unaodhaniwa salama, na unaua vilevile.

Dalili za mwanzo: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na zaidi zikiwapata watu wote chumbani kwa wakati mmoja. Fungua mlango, tokeni wote nje, piga 112 au kimbilieni hospitali iliyo karibu. Usilale kwanza "uone kama itapita."

Jiko lioteni nje, mkizunguka na kupiga soga. Gari nalo lisingurume kwenye gereji iliyofungwa.

Kulala kwa joto bila jiko

Tandika blanketi moja chini yako, juu ya godoro, kabla ya shuka. Watu hujirundikia juu na kusahau kwamba godoro nalo linanyonya joto. Vaa soksi kavu, ambazo hukushinda nazo kutwa, na kofia ya mzula. Kichwa kilichonyolewa hakina cha kukihami.

Omba jikoni maji ya moto, yatie kwenye chupa imara yenye kifuniko kinachobana, ivishe soksi nene, iweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Maji yanayotokota yatalainisha chupa ya plastiki nyepesi na kukuunguza, kwa hiyo yaache yapoe kidogo. Mtoto mdogo usimwekee. Mlaze katikati yenu.

Kula kabla ya kulala. Ugali na maharage ya Mbozi, kande, au ndizi za Rungwe zilizopikwa na nyama hukaa tumboni na kukupa joto usiku kucha. Pombe si blanketi: huleta damu kwenye ngozi, ukahisi moto kwa muda, kumbe joto la mwilini linatoka nje. Kunywa ukitaka kunywa, lakini usiinywe kama dawa ya baridi.

Cha kubeba

Nguo nyembamba tatu juu ya nyingine hushinda koti moja nene, kwa kuwa unaweza kuzivua moja moja jua linapopanda.

- Fulana ya ndani inayobana, mbili
- Shati au blauzi ya mikono mirefu
- Sweta, na koti la kuzuia upepo
- Taitsi au suruali ya ndani ya kulalia
- Soksi za kutosha, mzula, skafu. Glavu kwa atakayepanda bodaboda
- Viatu vilivyofunika mguu. Kandambili ni za bafuni tu
- Mafuta ya mgando kwa midomo na visigino, maana ukavu hupasua ngozi siku ya pili
- Chupa ya chai
- Miwani ya jua na kofia ya kukinga jua la mchana
- Kitambulisho cha NIDA na kadi ya bima ya afya

Huna koti? Usinunue Dar kwa bei ya kukomoa. Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya lina makoti ya mtumba ya kila aina, mengine yameshonwa kwa baridi kali kuliko yetu. Nenda asubuhi, angalia zipu na bitana, patana. Ila uwe na sweta la kukufikisha.

Mwenye selimundu azungumze na daktari wake kabla ya kukata tiketi, kwa sababu baridi na kukosa maji mwilini huweza kuamsha maumivu makali. Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni. Maji kunyweni hata kama hamhisi kiu.

Siku tatu zenyewe

*Siku ya kwanza, Mbeya.* Umefika, umechoka. Mwanjelwa kwa koti, chakula kizuri, kuoga mapema, kulala. Msidanganyane kwamba mtapanda mlima Loleza jioni hiyo.

*Siku ya pili, Kimondo.* Juni jua la huku huchomoza karibu saa 1 asubuhi, kama dakika 25 nyuma ya Dar, na ubaridi hauachii mpaka saa 3. Kunywa chai bila haraka, ondoka baada ya hapo. Kosta za Mbeya kwenda Tunduma hupita Mlowo na Vwawa. Kutoka hapo kodi teksi au bodaboda hadi kijiji cha Ndolezi, kusini mwa barabara kuu, njia ya vumbi. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa mkupuo. Ukilipia kwenda tu utabaki huko ukitafuta usafiri.

Eneo liko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Beba kitambulisho ulipe kiingilio cha Mtanzania, na kama popote pa serikali, malipo yawe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, usiachie noti mkononi mwa mtu.

Utakachokiona ni pande la chuma lenye urefu wa karibu mita 3, lililokaa mlimani Marengi. Uzito wake hutajwa tofauti: utasikia tani 12, vitabu vya zamani vilisema 25, makadirio yanayokubalika zaidi ni 16. Ndugu yake wa Namibia, Hoba, ana tani zipatazo 60. Cha Mbozi ni chuma kwa asilimia 90 hivi, kilichobaki kikiwa zaidi nikeli. Wenyeji walikijua tangu zamani. Dunia ya wataalamu ilikisikia mwaka 1930 kupitia mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott. Kilikuwa kimefukiwa, kilele tu kikichungulia. Udongo ukachimbwa kukizunguka, ukaachwa mhimili wa kukibeba. Tazama pembeni utaona mahali walipokata kipande kwa uchunguzi, kazi iliyokula saa nyingi za msumeno. Shimo la kuangukia usilitafute, halipo.

Kiguse kwa kiganja asubuhi, kisha tena jua likishakipiga. Kukigonga kwa jiwe ili usikie mlio, acha.

*Siku ya tatu, Mbozi Mission au Tunduma.* Zote mbili kwa siku moja ni mbio, siyo mapumziko.

Mbozi Mission ilianzishwa na wamisionari wa Moraviani mwishoni mwa karne ya 19, miaka michache baada ya wenzao kufika Rungwe mwaka 1891. Hapa ndipo Traugott Bachmann alipoishi na Wanyiha na kujifunza lugha yao. Leo kuna kanisa na hospitali, na watu wako kazini. Ukifika, anza ofisini: shikamoo kwa wakubwa, jieleze umetoka wapi, omba kutembezwa. Wodini hapapigwi picha. Ukiangukia Jumapili, ingia ibadani ukae mpaka mwisho, kwaya ni nzuri na kutoka katikati ni utovu wa adabu.

Njiani utapita kwenye kahawa. Mbozi ni miongoni mwa wilaya zinazoongoza nchini kwa Arabika, na kipupwe ndicho kipindi cha kuchuma: matunda mekundu yanamenywa kwa mashine, mbegu zinavundikwa, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye vichanja. Mbimba, karibu na Vwawa, kuna kituo cha TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa. Ukitaka kuona kazi ya mkulima, uliza AMCOS, chama cha ushirika cha kijiji, wakuelekeze, na ukiingia shambani mwa mtu, salimia kabla ya kutoa simu. Jambo moja linaudhi: katikati ya bahari hii ya kahawa, hoteli nyingi zitakuletea kahawa ya kopo na maji ya moto. Agiza kwa jina, "kahawa ya kupika ya hapa hapa," ikibidi nunua iliyokaangwa uwape jikoni wakupikie.

Tunduma ni kwa wapenda vitenge na msukosuko wa mpakani. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, hivyo ukaguzi wa nchi zote mbili unafanyika sehemu moja. Anayevuka aje na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na apite mlango rasmi. Njia za uchochoroni utaonyeshwa kwa tabasamu. Aliyekuonyesha hatakuwepo askari wakikukamata. Kwacha badilisha dukani palipo na leseni, siyo kwa kijana aliyeshika bunda la noti barabarani.

Makosa ya kawaida

- Kuanza siku kwa nguo za mchana kwa sababu ya jua lililoonekana dirishani.
- Kuacha kuoga hadi asubuhi kwenye hoteli ya sola.
- Kufua nguo nzito siku ya mwisho, hazitakauka.
- Kufunga dirisha kwa siku tatu mfululizo. Chumba kinahitaji hewa: fungua saa 6 mchana, funga saa 10 kabla joto halijaondoka.
- Kubana Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, Matema na Kimondo katika siku mbili. Viko pande tofauti za Mbeya. Vya Rungwe na Kyela vina safari yake.
- Kununua tiketi ya kurudi Jumapili jioni kwa ajili ya kuingia kazini Jumatatu.

Usiku wa kuamkia safari, hakikisha:

☐ Hoteli imethibitisha kwa simu leo, siyo wiki iliyopita
☐ Umejua maji ya moto ni ya sola, umeme au ndoo
☐ Mablanketi ya ziada yameombwa
☐ Koti, mzula na soksi ziko kwenye begi la mkononi
☐ Dawa zako ziko kwenye begi hilohilo
☐ NIDA, bima, na pasipoti kama utavuka
☐ Fedha taslimu kidogo kwa bodaboda na sokoni
☐ Mtu wa nyumbani anajua jina la hoteli na basi utakalopanda
☐ Tiketi ya kurudi ni ya Jumapili asubuhi au mapema zaidi